Ardhi na Hadithi: Huruma ya Msomaji Huelekezwaje?

Shabaha ya somo

Kufikia mwisho wa somo hili, mwanafunzi aweze:

1. kueleza mbinu ambazo msimulizi hutumia kuvuta huruma ya hadhira upande mmoja wa mgogoro wa ardhi;
2. kuhusisha mbinu hizo na vitabu vilivyokuwa teule, hasa hadithi fupi "Tumbo Lisiloshiba" na riwaya ya *Chozi la Heri*;
3. kutumia mfano halisi wa Lamu kuonyesha kwamba mbinu za fasihi hazikomei kitabuni;
4. kujibu swali la insha kuhusu maudhui ya ardhi bila kusimulia hadithi tu.

Utangulizi

Mpenzi mwanafunzi, hebu jiulize swali hili kabla hatujaendelea. Uliposoma "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed, ulikuwa upande wa nani? Bila shaka ulikuwa upande wa Mzee Mago na wakazi wa Madongoporomoka. Lile Jitu lilipoingia mkahawani, likaagiza chakula chote, likakila, kisha likaahidi kurudi kula zaidi, ulilichukia. Mabuldoza yalipofika, ulikasirika.

Sasa jiulize tena: ni nani aliyekuambia uwe upande huo? Mwandishi hajaandika mahali popote, "Ewe msomaji, mhurumie Mago." Hata hivyo ulimhurumia. Hiyo ndiyo kazi ya usimulizi. Watahiniwa wengi walitaja kwamba hadithi hii inahusu unyakuzi wa ardhi, wakaishia hapo. Anayepata alama za juu ni yule anayeonyesha *jinsi* mwandishi anavyomfanya msomaji ahisi uchungu wa anayenyang'anywa.

Ili tuelewe jambo hili vizuri, tutatoka kitabuni kidogo twende Lamu. Huko mgogoro wa ardhi umedumu kwa miaka mingi, na kila upande una hadithi yake. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tutatazama jinsi ngozi hiyo inavyovutwa.

Usuli wa mgogoro wa Lamu

Kaunti ya Lamu ina sehemu mbili: visiwa (Lamu, Manda, Pate, Ndau, Kiwayu na vinginevyo) na bara. Tangu zamani wakazi wengi wa visiwani waliishi kisiwani na kulima bara. Walivuka kwa mashua msimu wa kilimo, wakafyeka, wakapanda, wakavuna, kisha wakauacha mwitu upumzike na kuhamia sehemu nyingine. Haki yao juu ya ardhi hiyo ilikuwa katika kumbukumbu za wazee, si katika karatasi.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya kusajili ardhi ya pwani. Aliyedai kipande alitakiwa kujitokeza na kuthibitisha dai lake. Ardhi ambayo haikudaiwa kwa njia hiyo ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Hivyo sehemu kubwa ya bara ya Lamu ikawa mali ya serikali kwenye vitabu, ingawa watu waliendelea kuilima. Baada ya uhuru mwaka 1963, ilirithiwa na serikali mpya.

Kisha vikaja Vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967. Wabajuni wengi waliokuwa katika vijiji vya bara karibu na mpaka wa Somalia walikimbia mashambulizi, wakahamia visiwani, Mombasa na kwingineko. Wengi hawakurudi tena. Waaweer, ambao watu wengi huwaita Waboni, nao waliondolewa msituni walikowinda na kurina asali, wakawekwa katika vijiji kando ya barabara ya kwenda Kiunga.

Katika miaka ya 1970 serikali ilianzisha mradi wa makazi huko Mpeketoni, karibu na ziwa lililopewa jina la rais wa kwanza, Kenyatta. Waliopewa mashamba wengi walikuwa Wakikuyu wasiokuwa na ardhi. Walifyeka mwitu, wakapanda mahindi, pamba na mikorosho, wakajenga shule na mji. Baada ya muda walipata hatimiliki, huku wenyeji wengi wa visiwani wakiwa hawana.

Mwaka 2012 mradi wa bandari na ushoroba wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu, na thamani ya ardhi ikapanda ghafla. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za takriban ekari 500,000 ambazo ilisema kampuni 22 zilijipatia kwa njia isiyo halali. Hapo ikaonekana wazi kwamba wakati wanyonge walikuwa wakitazamana kwa jicho la shaka, kulikuwa na matumbo mengine makubwa yaliyokuwa mezani.

Mbinu zinazoelekeza huruma

*(a) Mahali hadithi inapoanzia*

Hii ndiyo mbinu yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo wanafunzi huisahau zaidi. Ukianza hadithi ya Lamu mwaka 1908 au wakati wa Vita vya Shifta, unamwona Mbajuni aliyekimbia usiku akiacha shamba lake, na miaka michache baadaye mtu mwingine akapewa ardhi ya karibu kwa barua ya serikali. Huruma inaelekea kwa Mbajuni.

Lakini anza hadithi hiyo hiyo katika nyanda za juu za Kenya, mkoloni anapowanyang'anya Wakikuyu mashamba na kuwageuza maskwota. Fuata familia moja inayozunguka bila ardhi hadi baada ya uhuru, kisha inapakiwa kwenye lori kwenda pwani wasikokujua, penye mbu na wanyama wa mwitu. Sasa huruma inaelekea kwa mhamiaji. Hakuna uongo katika masimulizi haya mawili. Yote ni kweli, ila kila moja limechagua mlango wake wa kuingilia.

Katika *Chozi la Heri*, Assumpta Matei anatuanzishia hadithi Ridhaa akiwa kwenye magofu ya nyumba yake iliyoteketea pamoja na aila yake. Tunaona majivu kwanza, historia baadaye kwa mbinu rejeshi. Kama angeanza na malalamiko ya wale waliomwona Ridhaa kuwa mgeni, tungeyasoma majivu hayo kwa jicho jingine.

*(b) Msimulizi na mtazamo*

"Tumbo Lisiloshiba" inasimuliwa katika nafsi ya tatu, lakini msimulizi anasimama karibu na Mago. Tunayajua mawazo na wasiwasi wa Mago kuhusu ardhi ya wanyonge. Mawazo ya Jitu hatuyajui. Tunaona mwili wake na ulaji wake tu. Msomaji humhurumia mhusika ambaye ameingizwa moyoni mwake.

Lamu nako ni hivyo. Tukisoma taarifa iliyoandikwa na afisa wa mradi, bandari "inafungua eneo lililosahaulika". Tukimsikiliza mvuvi wa ghuba ya Manda, bandari hiyo hiyo imefukua mahali alipotega madema na kufukuza samaki. Tukio ni moja, ila aliyeshika kalamu ni tofauti.

*(c) Majina na msamiati*

Jina ni hadithi fupi kuliko zote. Tazama maneno yanayotumika katika mizozo ya ardhi: *mwenyeji, mgeni, mlowezi, skwota, mvamizi, mkazi, mhamiaji, mtu wa bara.* Kila neno limebeba hukumu. Mtoto aliyezaliwa Mpeketoni, akasoma Mpeketoni na kumzika babu yake Mpeketoni, akiitwa "mgeni", neno hilo moja limekwisha kumwambia msikilizaji kwamba hana haki ya kubaki. Vilevile, mzee wa Kibajuni akiitwa "skwota" juu ya ardhi aliyoilima baba yake, neno hilo limefuta historia nzima ya ukoo.

Linganisha na Ridhaa, ambaye shuleni anabaguliwa kwa kuitwa "mfuata mvua". Watoto wenziwe hawakubuni jina hilo. Walilisikia kwa watu wazima nyumbani. Hapa mwandishi anatuonyesha kwamba chuki ya ardhi hurithishwa kwa msamiati kabla ya kurithishwa kwa panga.

Hata majina ya mahali husimulia. Ziwa likipewa jina la kiongozi, aliyefika baadaye anaona shukrani kwa aliyewapa ardhi. Aliyetangulia, ambaye wazee wake walikuwa na jina lao, anaona jambo jingine.

*(d) Mtu mmoja badala ya idadi*

Ukisema "ekari 500,000", msikilizaji anatikisa kichwa na kusahau. Ukisema bibi mmoja wa kisiwa cha Pate huwaonyesha wajukuu ng'ambo ya maji, mahali penye mkwaju uliokuwa mpaka wa shamba lao, msikilizaji hasahau. Fasihi hufanya kazi kwa njia hii. Said A. Mohamed hatoi takwimu za waliohamishwa mijini. Anatupa mkahawa, mzee mmoja na sahani zilizokwisha chakula. Jitu ni jazanda ya wenye nguvu wasiotosheka, lakini kwa kuwa tumeliona likila kijiko kwa kijiko, tunalielewa kuliko ripoti.

*(e) Ukimya*

Asiyepewa nafasi ya kusema hahurumiwi. Katika mgogoro wa Lamu, hadithi zinazosikika zaidi ni za Wabajuni na Waamu kwa upande mmoja, na za wakazi wa Mpeketoni kwa upande mwingine. Waaweer ni wachache na mara nyingi husahaulika, ilhali msitu wao ndio uliofungwa kwa operesheni za usalama zilizoanza mwaka 2015. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na aghalabu nyasi hazina msimulizi.

Ukimya pia huweza kutengenezwa kwa kuhariri. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiliza malalamiko ya ardhi kutoka sehemu nyingi za nchi, pwani ikiwemo, na kutoa ripoti mwaka 2013. Makamishna watatu wa kigeni walipinga mabadiliko yaliyofanywa katika sura ya ardhi kabla ya ripoti kukabidhiwa. Mwanafunzi wa fasihi anajifunza hapa kwamba swali si "Nini kimeandikwa?" pekee, ni "Nini kimeondolewa, na nani aliyekiondoa?"

Hadithi inapofika mahakamani

Je, hadithi zinaweza kubadilisha chochote? Tazama mifano miwili.

Wakazi na wavuvi wa Lamu walipeleka kesi mahakamani kuhusu ujenzi wa bandari. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, zikiwemo haki ya utamaduni, ya mazingira safi na ya kupata habari, na ikaagiza wavuvi walipwe takriban shilingi bilioni 1.76. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, kwa sababu miongoni mwa nyingine kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Katika mifano hii watu hawakutegemea huruma peke yake. Masimulizi yao ya maisha ya bahari na mikoko yaliunganishwa na vifungu vya Katiba ya 2010, ramani na ushahidi wa wataalamu. Hadithi iliyoachwa kibarazani huleta machozi, lakini hadithi iliyopata ushahidi huweza kuleta haki. Kumbuka hoja hii unapojadili udhaifu wa wahusika wanaolalamika bila kujipanga.

Hatari ya huruma ya upande mmoja

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014, na usiku uliofuata, wavamizi waliingia Mpeketoni na vijiji vya karibu, wakaua watu zaidi ya 60. Baadhi yao walikuwa wakitazama mechi za Kombe la Dunia. Kundi la al-Shabaab lilisema ndilo lililohusika. Rais naye alisema mashambulizi yalipangwa na mitandao ya kisiasa ya eneo hilo. Papo hapo masimulizi mawili yakaanza kushindana: moja la ugaidi kutoka nje, jingine la chuki ya ardhi kutoka ndani.

Tazama athari yake. Aliyeamini simulizi la pili alimtazama kila jirani wa Kibajuni au Mwislamu kama mshukiwa. Na wapo waliotaja dhuluma ya ardhi ya zamani kwa namna iliyofanya kifo cha mkulima asiye na hatia kionekane kama malipo. Makosa yote mawili yana asili moja: kumhurumia mmoja mpaka usiweze tena kumwona mwingine kuwa binadamu.

Wajane wa Mpeketoni hawakuandika sheria ya 1908. Wazee wa Kibajuni hawakushika bunduki mwaka 2014. Katika shule za Lamu, wajukuu wa pande zote mbili walikaa dawati moja, wakasoma "Tumbo Lisiloshiba" katika kitabu kimoja, na kila mmoja akajiona ndiye Mago. Hapo ndipo mwalimu anapopata kazi ngumu, na mwanafunzi anapopata somo kubwa. Kila mmoja ana sababu ya kujiona Mago. Swali la kuwauliza ni: Jitu ni nani hasa? Hadithi haikumfanya Jitu kuwa jirani maskini wa Mago. Ilimfanya mla vyote.

*Chozi la Heri* nayo inatufunza hivyo kwa njia nyingine. Uovu unaompata Ridhaa unahusishwa na Mzee Kedi, jirani yake. Mwandishi hatupi adui kutoka mbali. Anatuonyesha kwamba jirani hugeuka adui pale anapoikubali hadithi inayosema mwenzake hastahili kuwa hapo.

Muhtasari wa kukumbuka

- Mwanzo wa hadithi huamua nani ataonekana mdhulumiwa wa kwanza.
- Msomaji humhurumia mhusika ambaye mawazo yake yamefunuliwa.
- Majina hutoa hukumu kabla ya ushahidi.
- Mhusika mmoja aliyechorwa vizuri hugusa kuliko takwimu.
- Asiyesema ndani ya hadithi huachwa nje ya huruma.
- Huruma bila uadilifu huweza kuzaa dhuluma mpya.

Mfano wa swali na jibu

*Swali:* "Mwandishi humfanya msomaji amwonee huruma mnyonge kwa namna anavyosimulia, si kwa kumwamuru." Thibitisha kwa kurejelea hadithi "Tumbo Lisiloshiba". (alama 20)

*Mwongozo:* Anza kwa utangulizi mfupi unaotaja maudhui ya unyakuzi wa ardhi ya wanyonge. Usieleze hadithi nzima. Kila aya ibebe mbinu moja, mfano wake kutoka hadithini, na athari yake kwa msomaji. Mbinu unazoweza kutumia ni mtazamo wa msimulizi, jazanda ya Jitu, taswira ya ulaji, taharuki (ahadi ya Jitu kurudi kesho), na kinaya. Malizia kwa kauli inayofungamanisha hoja.

*Mfano wa aya moja:*

"Mwandishi ametumia jazanda ya Jitu kumwelekeza msomaji. Jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, linaagiza chakula chote na kukila bila kuwafikiria wengine. Ulaji huu unawakilisha wenye uwezo wanaomeza ardhi ya maskini bila kutosheka. Kwa kuwa chakula ni hitaji la kila siku, msomaji anahisi dhuluma hiyo tumboni mwake kabla mabuldoza hayajafika. Hivyo, yanapofika, msomaji amekwisha kuwa upande wa wanamadongoporomoka."

Tazama kwamba aya hii ina mbinu, mfano, maana na athari. Watahiniwa wengi hukosa sehemu ya mwisho, ilhali swali hili linaitaka hasa.

*Tahadhari:* Mifano halisi kama ya Lamu hukusaidia kuelewa maudhui na inaweza kuingia katika sentensi moja ya hitimisho. Isichukue nafasi ya ushahidi wa kitabuni. Mtahini hutuza hoja zinazotoka katika matini.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi mahali hadithi inapoanzia panavyoathiri huruma ya msomaji katika *Chozi la Heri*. (alama 6)
2. "Jina ni hukumu." Jadili kauli hii ukirejelea jinsi Ridhaa anavyoitwa na wenzake. (alama 6)
3. Chukua tukio la mkahawani katika "Tumbo Lisiloshiba" ulisimulie upya kwa nafsi ya kwanza, Jitu likiwa msimulizi. Kisha eleza ni nini kimebadilika katika hisia za msomaji. (Kazi ya ziada)
4. Fafanua tofauti kati ya huruma na haki katika mgogoro wa ardhi, ukitumia mifano miwili kutoka vitabu hivi. (alama 8)
5. *Kazi ya utafiti, fasihi simulizi:* Mhoji mzee mmoja wa kwenu kuhusu jinsi jamii yenu ilivyopata ardhi inapoishi. Kabla ya kwenda, andaa maswali, omba ruhusa ya kurekodi, na uzingatie adabu ya kumwamkia. Kisha mtafute mzee wa jamii nyingine inayopakana nanyi, umuulize maswali yale yale. Andika masimulizi yote mawili bila kuongeza neno, uonyeshe kila mmoja ameanzia wapi na ni nani ambaye hakumtaja.

Swali la tano halitatokea katika mtihani jinsi lilivyo, lakini usiliruke. Utakaporudi na masimulizi mawili katika daftari moja, utakuwa umeelewa somo hili kuliko kwa kulikariri.